Toa kapeti kwanza, rangi baadaye

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Huko nyuma nasikika? Haya. Nimeambiwa niongelee kufufua gari ndogo iliyochoka, hizi Toyota kama Vitz, IST, Starlet, Passo, Corolla 110, na nimepewa nusu saa tu, kwahiyo ile habari kwamba hazili mafuta na spea zake zipo kila kona Ngamiani nairuka, hiyo hata mtoto wa chekechea hapa Tanga anaijua.

Mimi neno langu ni moja na wanaonijua wameshalichoka. Ukinunua gari iliyotumika, kabla hujampa fundi yeyote shilingi yako, toa viti, toa kapeti, uone bati. Basi. Lakini watu hawataki, gari inanunuliwa Ijumaa, Jumamosi ipo kwa fundi rangi, Jumapili imefungwa spika za kutetemesha mtaa, halafu mwezi haujaisha anakuja gereji kwangu kulalamika gari ina mkosi. Mkosi wa nini bwana, hujaitazama!

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, yangu namba E, ile herufi ya kwenye pleti, mpya hiyo. Mpya kwa nani? Namba inakwambia gari imesajiliwa lini hapa kwetu, haikwambii imeundwa lini. Vitz za kwanza ni za 1999, IST ni 2002, na IST ya 2003 inaweza kuwa na namba E safi kabisa na dalali akakupigia bei kama imeshuka melini jana. Wewe angalia mpira wa pedali ya breki. Dashibodi inasema kilomita 60,000, mpira umelika mpaka chuma kinachungulia, sasa hapo nani muongo?

Ngoja niwape ya mwalimu mmoja, jina silitaji maana anaweza akawepo humu ndani. Ana IST, kanunua kwa mtu hapahapa mjini, nje inang'aa unajiona sura. Ikaanza kunuka. Akatundika pafyumu kwenye kioo, ikawa uvundo na pafyumu vyote kwa pamoja, wanafunzi wakipewa lifti wanashusha vioo. Halafu taa ya airbag, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, ikawaka haizimi, dirisha la abiria likawa linashuka kupanda halitaki, ikapelekwa kwa fundi umeme, ikabadilishwa swichi, ikabadilishwa fiuzi, mwisho akaambiwa kontrol boksi, ile kompyuta ya gari, imekufa atafute hela ndefu. Kaja kwangu kanuna. Mimi boneti wala sikugusa, nikamwambia mwalimu, hebu weka mkono pale abiria anapoweka miguu, ubonyeze. Kabonyeza, maji yakapanda kati ya vidole.

Tukachomoa nagetivu ya betri, tukasubiri dakika mbili tatu, na hii muisikie vizuri, zile plagi za njano ni za airbag na mikanda, usizichezee betri ikiwa imeunganishwa. Tukatoa viti, tukatoa plastiki za mlangoni, tukanyanyua kapeti. Kapeti yenyewe nyepesi, ila lile sponji la chini yake lilikuwa zito watu wawili tunalivuta. Chini yake mchanga, mbegu za machungwa ya Muheza, sarafu ya yeni kutoka huko Japani, na plagi za waya zimeota ukijani. Maji yametoka wapi na mvua haijanyesha? Ni ya AC. AC inakamua unyevu hewani na ule unyevu una kipaipu chake cha kutokea chini ya gari, sasa nyigu, wale wanaojenga kwa udongo, alishajenga humo ndani. Kijana wangu akalala chini akachokoa kwa waya, udongo ukadondoka, maji yakafuata yote usoni kwake, mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza. Plagi tukazisafisha, sponji likaanikwa juani siku kadhaa, dirisha likapanda, taa ikazima. Kontrol boksi ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Sasa mniambie hiyo ilikuwa kazi ya ufundi au ya usafi? Mimi ndo nasema hakuna tofauti! Anayesafisha mwenyewe kwa mkono wake ndiye anayeona. Ukimpa muosha magari anakupakia mafuta dashibodini ing'ae, basi, kamaliza.

Na sisi tuko pwani jamani. Upepo wa Raskazone una chumvi, halafu mtu anatoka soko la Deep Sea na samaki kwenye buti, barafu inayeyuka, maji yanateremka chini ya spea taya yanalala humo mwaka mzima. Inua hiyo spea taya, chini kuna plagi ya mpira, ing'oe, mwaga maji yasiyo na chumvi ya kutosha, kausha. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, vikizibwa na vumbi mlango unaoza kuanzia ndani, wewe unaona kipele kwenye rangi unadhani kimeanza juu. Pale chini ya waipa toa majani ya mwarobaini. Utasema mbona mimi napulizia ile rangi nyeusi ya kuzuia kutu chini ya gari. Umepulizia juu ya kutu na chumvi, umeifungia ndani iendelee kula kwa raha zake.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka. Injini usipige maji ya presha, hizi 1NZ, injini za IST nyingi, koili zimekaa juu ya spaki plagi, maji yakiingia kwenye vile vishimo gari inakohoa. Oili ya 1NZ ni lita 3.7 pamoja na filta, dumu la lita 4 usilimimine lote eti kwa sababu umelilipia. Themostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, msikubali itolewe kwa kisingizio cha nchi ya joto, injini ikikosa kufika joto lake inakula mafuta zaidi. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, ina oili yake, ukiweka ya kawaida umeiua. Airbag za kampuni ya Takata zilizoitwa kurudishwa, Corolla zikiwemo, kilichokuwa kinaharibu ile baruti ya kuzifumua ni joto na unyevu, yaani hali ya hewa ya hapa kwetu, kwahiyo tafuta namba ya chesisi yako uangalie kama imo kwenye zilizoitwa. Rangi nilikuwa nayo maneno, naiacha, na hamkukosa kitu.

Maswali tutajibiana hapo nje. Mwenye ile Vitz ya kijivu iliyopaki mlangoni, njoo na funguo na spana namba 14, nimeshaona kapeti yake imevimba.