Namba Kwenye Lebo: Jinsi ya Kulinganisha Miaka ya Dom Pérignon

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naomba niingie moja kwa moja kwenye jambo lililowashangaza hata wauza mvinyo wazoefu. Shampeni ya Dom Pérignon ya mavuno ya 2009 iliingia sokoni kabla ya ile ya 2008. Haikuwa ajali. Mkuu wa ghala wa wakati huo, Richard Geoffroy, aliona kwamba mdogo amekwisha kuwa tayari na mkubwa bado, akamruhusu mdogo atangulie. Kampuni ya Louis Roederer nayo ikafanya vivyo hivyo na Cristal, shampeni yake. Kampuni nyingine ya shampeni, Krug, walikuwa wamewatangulia wote wawili zamani, walipoitoa 1989 kwanza na 1988 baadaye.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wetu tunailinganisha miaka kama matokeo ya mtihani. Fulani kaipa 2008 alama za juu, 2003 kaipa za chini, mjadala umefungwa. Mimi nasema namba ile kwenye lebo imebeba mambo matatu yaliyofungwa pamoja: hali ya hewa ya mwaka ule, uamuzi wa watu walioyapokea mavuno, na muda ambao mvinyo umelala chupani na hamira yake. Ukionja bila kuyatenganisha hayo matatu, hujui unachokisifu wala unachokilaumu.

Kwanza, kwa nini mwaka uandikwe? Champagne iko kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa baridi ambayo mzabibu unaweza kuivumilia. Miaka mingi zabibu hazikuiva sawasawa, na ndiyo maana shampeni ya kawaida huchanganywa kutoka mavuno ya miaka mbalimbali, ili mwaka mbaya ufunikwe na akiba ya miaka mizuri. Mvinyo wa mwaka mmoja ni kinyume chake. Sheria inataka zabibu zote ziwe za mwaka ulioandikwa, na inataka chupa ikae ghalani miezi isiyopungua 36 tangu kujazwa. Tena inakataza kampuni kuyamaliza mavuno yote ya mwaka kwa chupa za namna hiyo. Mwisho ni asilimia 80, kilichobaki kiende kwenye akiba.

Dom Pérignon haina toleo la mchanganyiko wa miaka. Ama mwaka umefaa na chupa zitatoka, ama haukufaa na hakuna kitu. Mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina hilo ni ya 1921, na yalitolewa 1936. Tangu hapo ipo miaka iliyorukwa: 2001 haipo, 2007 haipo, 2011 haipo. Katikati yake, kuanzia 2002 hadi 2006, ilitoka miaka mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Nawaona wawili watatu pale nyuma wanatabasamu. Ndiyo, wapo waliosema ni tamaa ya biashara. Tutafika huko.

Neno moja tu kuhusu mtawa ambaye shampeni hii inaitwa kwa jina lake. Pierre Pérignon alishika ghala la abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 hadi alipofariki 1715. Hakuvumbua mapovu. Wakati wake mapovu yalikuwa hasara, kwa kuwa chupa zilipasuka, na watunza ghala walihangaika kuyazuia. Ile hadithi kwamba alipoonja mapovu alimwita mwenzake aje, akisema anaonja nyota, ilitungwa muda mrefu baada yake. Alichokijua hasa ni kuchanganya zabibu za mashamba tofauti ili kimoja kijaze pengo la kingine, na ujuzi huo ndio unaofanya kazi hadi leo. Ndani ya Dom Pérignon mna aina mbili tu za zabibu, Chardonnay iliyo nyeupe na Pinot Noir iliyo nyeusi, lakini zinatoka vijiji vingi, na kila mwaka uwiano hubadilika.

Sasa tuishike 2003, kwa sababu kwangu huo ndio mwaka unaofundisha kuliko yote. Mwezi wa Aprili jalidi ilipiga machipukizi, na Chardonnay ndiyo iliyoumia zaidi. Halafu likaja lile joto la Agosti lililoua maelfu ya watu Ufaransa. Mavuno yakaanza Agosti hiyohiyo. Ilibidi wapekue kumbukumbu hadi 1822 kupata mwaka uliovunwa mapema hivyo. Zabibu zilikuwa chache, zenye sukari ya kutosha, na asidi yake ilikuwa imeshuka vibaya. Asidi ndiyo uti wa mgongo wa shampeni. Ikikosekana, mvinyo hulegea mdomoni na unatiliwa shaka kama utafika uzeeni.

Makampuni yakagawanyika. Roederer hawakutoa Cristal ya 2003. Salon, wanaotumia Chardonnay ya Le Mesnil-sur-Oger peke yake na ambao huruka miaka mingi kuliko wanayotoa, nao wakakaa kimya. Geoffroy akaamua kuitoa. Kwa sababu Chardonnay ilikuwa imeungua na baridi, Pinot Noir ikachukua nafasi kubwa kuliko kawaida. Matokeo yake ni mvinyo mzito, mpana, wenye uchungu kidogo unaoshika ulimi pale ambapo asidi ingetakiwa kushika. Ukiuonja ukitafuta wepesi wa kawaida wa Dom Pérignon, utausukuma pembeni. Ukiuonja ukijua tatizo lililokuwa mezani na jinsi lilivyotatuliwa, utakaa nao.

Kwa maoni yangu Geoffroy alifanya sawa. Roederer pia walifanya sawa, maana Cristal imejengwa juu ya ukali wa asidi na chokaa, na kuitoa bila hivyo kungekuwa kubandika jina juu ya kitu kingine. Kwa hiyo kusema 2003 ulikuwa mwaka mbaya au mzuri ni kusema nusu. Mbaya kwa nani?

Jirani yake, 2004, ni kioo cha upande wa pili. Mizabibu iliyokuwa imezaa kidogo mwaka uliopita ilirudi na nguvu zote, ikazaa kupita kiasi. Agosti ilikuwa ya baridi na mvua, watu wakakata tamaa, kisha Septemba ikaja kavu na yenye jua. Kwa kawaida mavuno makubwa hutoa mvinyo mwepesi usio na kina, na wengi waliudharau mwaka huu mapema. Lakini 2004 ulitoka umenyooka, wa wastani kwa maana bora ya neno hilo, usiopiga kelele. Nikilazimishwa kuchagua chupa ya kumwonyesha mgeni Dom Pérignon ikoje isipokuwa na homa wala baridi, nitachukua 2004 bila kufikiri sana. Wapenzi wa 2002 watanipinga, na haki wanayo: 2002 una utajiri zaidi na ukamilifu zaidi. Ila mgeni aliyeonja 2002 kwanza atadhani kila mwaka uko hivyo.

Turudi kwa 2008. Katika muongo uliojaa jua, mwaka huo ulikuwa wa mawingu. Majira ya kiangazi yalikuwa ya kijivu na ya ubaridi, zabibu zikaiva polepole, na hadi mwishoni mwa Agosti hakuna aliyekuwa na matumaini makubwa. Kisha Septemba ikafunguka: anga la bluu, upepo mkavu wa kaskazini, siku za jua na usiku wa baridi. Zabibu zikamaliza kuiva bila kupoteza asidi. Ndiyo sababu ya ule uamuzi wa kuuchelewesha. Mvinyo wenye asidi ya namna hiyo ukitolewa mapema huuma. Ule wa 2009, uliovunwa baada ya Agosti ya joto na ukavu, ulikuwa umejaa, laini, unakaribisha tangu mwanzo. Kuuweka zaidi kungekuwa kuupotezea muda. Salon waliuona 2008 kwa jicho hilohilo, wakautoa kwenye chupa za magnamu peke yake, zenye ujazo wa lita moja na nusu, ambamo mvinyo huzeeka taratibu zaidi.

2010 nitaupitia kwa haraka. Mwaka ulikwenda vizuri hadi katikati ya Agosti, ikanyesha kwa siku mbili mvua ya karibu miezi miwili, na kuvu ikaingia kwenye Pinot Noir. Waliokoa walichoweza kwa kuchagua shamba kwa shamba na kuacha sehemu ya mavuno. Ni mwaka ambao sifa ziende kwa mikono ya wachumaji kuliko kwa jua.

Sasa jambo la tatu, muda, na hapa ndipo ulinganishi mwingi unapoharibika. Mvinyo unapojazwa chupani huongezwa hamira na sukari, takriban gramu 24 kwa lita, na uchachukaji wa pili hutokea mle ndani ukizaa msukumo wa kama atmosfia 6. Hamira ikimaliza kazi hufa na kushuka chini kama mashapo. Lakini kufa kwake si mwisho wa kazi. Polepole seli zake huvunjika na kuupa mvinyo ulaini na ile harufu ya mkate uliookwa, na wakati huohuo mashapo yanaulinda na oksijeni. Siku mashapo yanapoondolewa, ulinzi huo unakwisha. Kizibo kipya kinawekwa, na mvinyo unaanza kuzeeka kwa njia nyingine.

Kwa hiyo chupa mbili za mwaka mmoja, za kampuni moja, zaweza kuwa tofauti kabisa. Dom Pérignon wanaliuza jambo hili waziwazi chini ya jina la Plénitude. Toleo la kwanza, yaani P1, hutoka baada ya miaka kama minane. Sehemu ya chupa hubaki ghalani na mashapo yake hadi kupita miaka 15 au zaidi, zikatoka kama P2, na chache husubiri zaidi ya miaka 25, zikaitwa P3. Wazo si lao peke yao: kampuni ya Bollinger walianza kuuza R.D. yao mwaka 1967, kwa mavuno ya 1952, mvinyo wa zamani uliotolewa mashapo karibuni.

Ukimsikia mtu akisema alionja 2003 akaukuta umechoka, mwenzake akasema aliukuta umesisimka, usikimbilie kuamua nani hajui kuonja. Huenda mmoja alipata toleo la kwanza lililotolewa mashapo miaka mingi iliyopita, na mwingine P2. Zote zinasema 2003 mbele. Tofauti ni ile alama ya P2 kwenye lebo, na siku ambayo mashapo yaliondolewa.

Ndugu mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: mbona 1996 ulisifiwa kuwa mwaka wa karne na leo wengine wameugeuka? Swali zuri. Mwaka huo upepo ulizikausha zabibu, sukari na asidi vikapanda pamoja kwa kiwango kisicho cha kawaida. Waliouonja ungali mchanga walihesabu asidi wakasema huu hautakufa. Ilivyotokea, kwenye baadhi ya chupa tunda lilizeeka kabla asidi haijatulia, ukabaki ukali usio na nyama. Kwenye nyingine, Dom Pérignon ikiwamo kwa maonjo yangu, vitu viwili vile vilifika pamoja, na mvinyo ni wa ajabu. Asidi huhifadhi kilichopo. Haiwezi kuhifadhi kisichokuwapo.

Kuhusu ile shutuma ya miaka mitano mfululizo. Biashara ipo, tusidanganyane. Lakini tazameni pia hali ya hewa. Mavuno ya Agosti yaliyokuwa kioja mwaka 2003 yamejirudia 2007, 2011, 2018, 2020 na 2022. Kwa wastani zabibu za Champagne sasa huvunwa zaidi ya wiki mbili mapema kuliko miaka thelathini iliyopita. Babu za watengenezaji wa leo waliogopa zabibu zisizoiva; wao wanaogopa asidi inayopotea kabla harufu haijakamilika. Vincent Chaperon, aliyemrithi Geoffroy mwaka 2019, anarithi swali lililogeuka. Ndiyo maana nasema 2003 si mwaka wa kutupwa. Pale ndipo watu wa Champagne walipolazimika kujifunza kutengeneza mvinyo wao kwa zabibu za joto, na kazi hiyo sasa ni ya mara kwa mara.

Mkitaka kulinganisha kwa haki nyumbani, fanyeni hivi. Chagueni miaka miwili tu iliyopakana, kama 2003 na 2004 au 2008 na 2009, kwa kuwa hapo mikono na mashamba ni yaleyale na kinachobadilika ni anga. Ukubwa wa chupa uwe mmoja, na matoleo yawe ya ngazi moja, P1 kwa P1. Msiinywe ikiwa baridi ya friji. Kwenye nyuzi 10 hadi 12 ndipo harufu hufunguka, na glasi yenye tumbo pana itawasaidia kuliko ile nyembamba ndefu. Anzeni na ule wenye asidi zaidi, maana mvinyo mzito ukitangulia utaufanya mwenzake aonekane mwembamba. Kisha ziacheni glasi zote mbili dakika ishirini mziguse tena. Mara nyingi ule uliokuwa wa pili ndio utakaokuwa umesogea mbele, na hapo ndipo mazungumzo yenu yaanzie.