Mdudu aliyetaka kuimaliza mizabibu ya Ufaransa

Haya jamani tuanze. Watu wakiongelea historia ya mvinyo wanapenda kuanzia Georgia, kwenye vipande vya mitungi ya kama miaka 6000 kabla ya Kristo, na ni kweli kabisa, ila leo naruka yote hayo niende Ufaransa ya miaka ya 1860, maana hapo ndo mvinyo ulikaribia kuzikwa na wanywaji wengi hawana habari.

Karibu 1863, kusini upande wa mto Rhône, mizabibu ikaanza kufa. Majani yanageuka njano kabla ya wakati, msimu unaofuata zabibu zinadumaa, baadae mti wote unakauka, ukiung'oa unakuta mizizi imeoza na mdudu huoni. Mwaka 1868 ndo Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, na wenzake wakang'oa mti uliokuwa unaonekana mzima, weka lenzi kwenye mizizi, loh, vidudu vya njano vimejazana vinafyonza, kimoja hakifiki hata milimita mbili. Kumbe mzizi ukifa mdudu anahamia mti wa jirani, kwa hiyo waliokuwa wanachimba miti iliyokufa walikuwa wanafika kwenye nyumba ambayo mwizi keshaondoka.

Huyo ni filoksera, ndugu wa vidukari, na kwao ni Marekani. Aliingia na miche ya mizabibu ya kule. Mizabibu ya Marekani imeishi nae miaka na miaka, mizizi yake inajua kuziba jeraha, ya Ulaya haijui, jeraha linabaki wazi na uozo unaingia.

Basi ikawa vurugu. Serikali ikatangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayeleta dawa, na watu wakaleta kila kitu mpaka kumfukia chura hai chini ya mti (sitanii). Wenye hela walipiga bomba la kemikali ardhini, tena kemikali yenyewe inalipuka, wenye mashamba ya tambarare wakayafurika maji wiki kadhaa kumzamisha mdudu. Mavuno ya mvinyo yalitoka hektolita (lita mia mia) milioni 84 hivi mwaka 1875 mpaka milioni 23 mwaka 1889.

Kilichosaidia ni kubebesha tu, yaani kuunganisha mizabibu miwili iwe mti mmoja, shina la chini na mizizi yake la Kimarekani, juu kikonyo cha Kifaransa. Rahisi kusema! Burgundy, eneo maarufu la mvinyo hukohuko Ufaransa, walikataza mpaka 1887, waliogopa ladha itaharibika, na mimi siwalaumu sana, ungekubali wewe dawa itoke kulekule ulikotoka ugonjwa? Halafu mashina ya mwanzo yalikataa udongo wa chokaa, ikabidi Pierre Viala, mtaalamu wa mizabibu wa Kifaransa, atumwe Marekani mwaka huohuo, na huko Texas mkulima Munson akamwelekeza kwenye mizabibu pori inayostawi kwenye chokaa. Munson akapewa nishani ya Ufaransa. Zile faranga 300,000 hakupewa mtu, serikali ikasema kubebesha sio kumuua mdudu, ni kuishi nae, na kwa kweli mdudu yupo mpaka leo.

Waulize California. Walipanda kwa wingi shina linaloitwa AxR1 kwa sababu linazaa sana, ingawa lina damu ya Ulaya ndani na Wafaransa walishaonya, miaka ya 1980 filoksera akalivamia, wakang'oa mashamba kwa mashamba wakaanza upya.