Roketi Tuiache Kwanza: Mazungumzo ya Tanga Kuhusu Mpango wa Anga za Juu

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni, wazee wangu shikamooni. Walioandaa wamenipa kichwa cha habari kirefu kweli, mkakati wa muda mrefu wa taifa katika uchunguzi wa anga za juu, mi naongea tu hivi hivi na mtu akiona sijaeleweka anyooshe mkono hapo hapo, msinisubiri nimalize.

Nianze na ramani maana hii ndo inayowapa watu wa Tanga kiburi. Wafaransa zamani walikuwa wanarushia roketi zao jangwani Algeria, sehemu inaitwa Hammaguir. Algeria ikapata uhuru 1962, ikawa hadi 1967 Wafaransa wawe wameshafungasha, wakazunguka kutafuta pengine wakaangukia Kourou, Guyana ya Kifaransa, pwani ya Amerika Kusini, na mpaka leo roketi za Ulaya zinaruka kutokea pale. Kourou iko nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Tanga tuko nyuzi 5 kusini. Umbali ule ule, wao juu sisi chini. Na faida yake si maneno, dunia inajizungusha kuelekea mashariki na pale ikweta spidi yake inafika kama kilomita 1,670 kwa saa, kwahiyo roketi ikiruka kwenda mashariki inakuwa imeshasukumwa na dunia yenyewe kabla hata haijawasha injini, mafuta yanapungua mzigo unaongezeka.

Sasa kabla watu hawajaanza kuuziana viwanja, nenda kasimame Raskazone utazame mashariki. Mbele kuna nini?

(Ukumbini: Pemba!)

Eeh, Pemba. Roketi ikishindwa dakika ya kwanza au ya pili inamdondokea mtu Wete anapukuchua karafuu zake. Na wenzetu wa Bagamoyo wasicheke, wao mbele yao kuna Unguja, tena na meli zote zinazoingia Dar. Ndo maana Waitaliano walipokuja pwani hii hawakuja hapa, walikwenda Malindi ya Kenya, bahari imefunguka haina kisiwa mbele. Mtu akiniambia Tanzania lazima irushe roketi yake ntamwambia twende kusini tukaangalie Lindi na Mtwara, lakini kwanza tuelewane kama roketi ndo tunayoihitaji. Mi nasema hapana, sio sasa, na sio kwa miaka mingi.

Hiyo Malindi tuikalie kidogo maana ina somo. Chuo Kikuu cha Roma kwa kushirikiana na Wamarekani wakaweka majukwaa baharini, Ghuba ya Ungwana, na mwaka 1967 ikaruka setilaiti kutokea pale. Tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha nyingine, ikiwa siku ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru, jina la Kiswahili kabisa, na ndo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani. Kazi ile ni sehemu ya yaliyompa mwanasayansi Riccardo Giacconi tuzo ya Nobel 2002. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988. Haya, Shirika la Anga la Kenya limeundwa lini? 2017. Kutoka 1967 mpaka 2017 hesabuni wenyewe. Na setilaiti ya kwanza ya Wakenya, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 2018. Siwasemi vibaya, wametutangulia na mwaka 2023 wakarusha Taifa-1, ila ile ni sawa na kumkodisha fundi cherehani baraza lako, kodi inaingia kila mwezi, nguo nzuri zinatoka mlangoni kwako, na mwanao ndani hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Ukikodisha baraza bila kuandika kwenye mkataba kwamba mtoto atakaa pembeni ya fundi, umekodisha baraza tu.

Na hata sisi tuliwahi kupitiwa na hii habari. Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, vile vyao vya kwanza vya kubeba mtu, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 1962, kituo kimojawapo kilichokuwa kinamfuatilia kilikuwa Zanzibar. Watu wakaandamana wakihisi ni mambo ya makombora, 1964 baada ya Mapinduzi kikafungwa. Siasa zake niwaachie wazee.

Sasa nani alifanya tofauti? India. Na sisemi India kwa sababu walitua mwezini, nasema India kwa sababu ya walivyoanza. Thumba ni kijiji cha wavuvi kule Kerala, wavuvi kabisa wa nyavu na mitumbwi kama wa Deep Sea hapa. Walipachagua maana ikweta ya sumaku ya dunia inapita hapo karibu. Palikuwa na kanisa, askofu akaongea na waumini wake wakakubali kuhama, kanisa likawa ofisi, na 21 Novemba 1963 wakarusha kiroketi kidogo cha utafiti walichopewa na Wamarekani. Kuna picha ya wakati ule jamaa kafunga kichwa cha roketi kwenye keria ya baiskeli anasukuma. Watu wanaisambaza hiyo picha kwa kuchekesha, mi naiangalia naona kitu kingine, hawakusubiri gari.

Kiongozi wao Vikram Sarabhai aliulizwa sana, nchi yenu watu wana njaa nyinyi mnataka anga za juu? Jibu lake lilikuwa hatushindani na matajiri kwenda mwezini, tunataka teknolojia ya juu kabisa itatue shida za watu wetu. Na walifanya kweli. Mwaka 1975 hadi 1976 wakaazima setilaiti ya Wamarekani, ATS-6, wakapeleka televisheni vijiji kama 2,400, vipindi vya kilimo na afya na masomo ya watoto. Na hii inaniuma, ile setilaiti kuhudumia India iliwekwa longitudo 35 mashariki, yaani juu ya ikweta hapa hapa Afrika Mashariki, usawa wa kule Ziwa Victoria. Ilikaa juu ya vichwa vyetu ikihudumia vijiji vya India! Haikuibiwa, wao walikuwa na mpango wa kuiomba, sisi hatukuwa nao.

Sarabhai akafariki 1971. Hajaona Aryabhata, setilaiti yao ya kwanza, 1975, iliyorushwa na Wasovieti. Hajaona roketi yao wenyewe SLV-3 ikianguka baharini 1979, wala ikifanikiwa Julai 1980. Mkuu wa mradi ule Abdul Kalam hakufukuzwa kwa ile ya 1979, aliachiwa arudie, na baadaye akaja kuwa rais wa nchi. 2019 chombo chao kikagonga mwezi, 23 Agosti 2023 kingine kikatua salama upande wa ncha ya kusini. Miaka 60 toka kile kiroketi cha Thumba. Mpango ambao mwenye wazo anakufa na kazi inaendelea, huo ndo naita mpango. Ule unaokufa mkurugenzi akihamishwa ulikuwa hotuba.

Hata wakubwa wanateseka na hili. Marekani walifuta safari za mwisho za Apollo, zile za kwenda mwezini, wakiwa bado na roketi mkononi, Bush akatangaza 2004 turudi mwezini, Obama 2010 akaufuta ule mradi, 2011 vyombo vya shato, vile vilivyokuwa vinapeleka wanaanga wao na kurudi, vikastaafishwa na mpaka 2020 wanaanga wao wakawa wananunua siti kwa Warusi. Wachina 1992 waliandika hatua tatu, mtu aende anga za juu, kisha maabara ndogo, kisha kituo kikubwa, na mwishoni mwa 2022 kituo kikawa kimekamilika. Wao hawana uchaguzi kama wetu, najua, huyo mzee pale nyuma anatingisha kichwa, lakini India wana uchaguzi mkali kuliko wetu na mpango haukufa.

Sisi mipango yetu ni ya miaka mitano mitano. Juu yake kuna Dira 2050, dira ya maendeleo ya taifa. Kati hapo ndo penye tatizo, maana mhandisi wa setilaiti hapatikani kwa miaka mitano. Nilishuhudia ofisi moja, siitaji, ikanunuliwa kompyuta nzuri za kuchakata picha za setilaiti, vijana wakafundishwa, mradi wa wafadhili ukaisha na leseni ya programu ikaisha nayo, vijana wakatawanyika, mmoja ana duka la vifaa vya simu saivi na anafanya vizuri Mungu ambariki, ila zile kompyuta zilibaki zinaandikia barua. Kwahiyo mi ningepewa kuandika mpango wa taifa, miaka kumi ya kwanza haina setilaiti kabisa. Ina watu. Watu wenye ajira ya kudumu wanaosoma data ambayo tayari ipo bure. Picha za Landsat, setilaiti za Wamarekani, zinapigwa toka 1972 na tangu 2008 zinatolewa bure, za Sentinel za Ulaya zinaonyesha kitu cha mita 10, unaiona mikoko ya hapa Tanga na ya mto Pangani imepungua wapi imerudi wapi mwaka kwa mwaka. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, TMA, wale Mamlaka ya Hali ya Hewa, walitoa tahadhari, boti za Dar na Zanzibar zikasimama, zile picha za mawingu zinatoka kwenye setilaiti za wenzetu. Sio aibu kutumia ya mwenzio. Aibu ni kutumia bila kuwa na mtu wako anayeielewa.

(Swali: sasa si bora tununue setilaiti moja tuanze, tujifunze humo humo?)

Ahsante dada. Inawezekana, na Emirates walifanya hivyo, ila angalia walivyofanya. Walipoagiza DubaiSat-1 kwa Wakorea walipeleka na wahandisi wao wakakae Korea wajenge pamoja, ikarushwa 2009, ya pili 2013 mkono wao ukawa mkubwa zaidi, KhalifaSat 2018 wakaijenga kwao, na 2021 wakafika Mars. Ukinunua setilaiti unanunua kitu chenye umri, kitakufa. Nigeria NigComSat-1 yao ilikufa 2008 baada ya mwaka na kidogo, shida ya umeme wa jua, bahati walikuwa na bima wakapata mbadala 2011. Bima! Hicho kipengele kwenye bajeti za kwetu ndo cha kwanza kukatwa.

Alafu kuna makaratasi, hakuna anayependa kuyasikia ila nchi zinapigwa hapo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 na ule wa dhima wa 1972 vinasema nchi ambayo roketi imeruka kutoka ardhi yake inabeba lawama ya kitakachoangukia nchi nyingine. Kampuni ya kigeni ikikodi ufukwe wako ikarusha, kikaanguka Komoro, na wewe umo kwenye kesi. Kwahiyo akija mwekezaji na picha nzuri za kituo cha roketi muulizeni kwanza bima ya nani. Na masafa na nafasi za mzingoni zinaandikishwa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kule Geneva, ukituma maombi ya nafasi mpya una miaka 7 uwe umeitumia, la sivyo yanafutwa na mwenzio anasogea. Kenya na Uganda mwaka 1976 walikwenda Bogota na nchi nyingine za ikweta wakatangaza kwamba ule mzingo wa kilomita 36,000 juu ya ikweta ni mali yao. Hakuna aliyewasikiliza. Lakini mi nawaheshimu, angalau walijua kuna kitu juu pale. Leo silaha ni kuwa na wanasheria wawili watatu wanaoijua hiyo ITU kama wanavyojua sheria za ardhi, na wakae hapo miaka ishirini.

Niishie kwenye kitu cha kushika. Hii hapa mbele ni antena. Ni fimbo mbili za alumini, kila moja sentimita 53, nimezifunga kwenye ubao zimefunguka kama herufi V, nyuzi 120, katikati waya wa antena ya TV, huku mwisho kidude cha USB cha kupokea redio kinaingia kwenye laptop. Setilaiti za Warusi za hali ya hewa, Meteor, zinapita juu yetu kama kilomita 800, zinatuma picha masafa ya 137 megahezi, wazi kabisa, hazina nywila. Inapita kama dakika 10 hadi 15 hivi, na picha inajichora mstari kwa mstari, utaona pwani yote hii, mawingu juu ya Usambara, na Pemba yetu ile. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuijenga, fimbo unapata kwa mafundi madirisha.

Moja inapita muda si mrefu kwahiyo tutoke uwanjani, maswali mengine mtaniuliza huko huko. Mwenye laptop yenye chaji aje nayo maana yangu betri imechoka, na nyie vijana wawili hapo mbele nisaidieni hii meza, shikeni upande huu mguu mmoja unacheza.