Mlio wa Kugonga kwenye Subaru Impreza WRX: Tuutafute Kabla ya Kununua Kipuri

Ndugu mafundi wenzangu, pamoja nanyi vijana mnaoianza kazi hii, asanteni kwa kunipa nafasi. Leo nitazungumzia mlio mmoja mdogo, ule wa "tak-tak-tak" unaotoka chini ya gari kwenye barabara mbovu, na nitaueleza kupitia gari moja nililolihudumia, Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, kile kilichoanza mwaka 2000 na kumalizika mwaka 2007. Vijana wengi wamelipenda jina la Impreza tangu dereva wa mbio za magari Colin McRae aliposhinda nalo Safari Rally mwaka 1997, lakini wengi hununua gari hili bila kujua kwamba ukakamavu wake una gharama: springi ni ngumu, fimbo ya stabilaiza ni nene, na uchakavu ambao katika gari la kawaida ungemezwa na ulaini wa suspensheni, humu husikika hadi kwenye dashibodi.

Mwenye gari alikuwa amekwisha kubadilishiwa shokapu zote mbili za mbele katika gereji nyingine, na mlio ukabaki vilevile. Shokapu za zamani alikuja nazo kwenye buti. Nilizikagua moja baada ya nyingine: hazikuvuja mafuta, na nilipozikandamiza zilirudi taratibu kama inavyotakiwa. Niliumia kweli, kwa sababu fedha ya mtu yule ilikuwa imetumika kwa kubahatisha.

Kabla ya kuinua gari nilimwomba aendeshe yeye, nami nikae kiti cha abiria nisikilize. Tulipanda tuta polepole, magurudumu yote mawili ya mbele yakiligusa kwa pamoja, na gari likanyamaza kimya. Tulipoingia kwenye kipande cha barabara chenye vishimo vidogo vinavyopiga upande huu kisha upande ule, mlio ukaanza mara moja. Nikamwomba akanyage breki kidogo bila kusimama, kwa kuwa pedi ya breki au kalipa (kifaa kinachoibana pedi) iliyolegea mara nyingi hunyamaza inapobanwa, lakini mlio uliendelea. Yeye alishikilia kwamba unatoka kulia, chini ya miguu yake. Nilimsikiliza kwa heshima, ila sikuamini upande huo, maana chuma husafirisha sauti kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Tafakarini kazi ya stabilaiza. Ni fimbo ya chuma cha springi inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale mno linapokata kona. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake, yaani raba zinazoishikilia, na linki, vile viungo vifupi vinavyounganisha ncha zake na suspensheni, hazibebi mzigo wa maana. Gurudumu moja likipanda peke yake, fimbo hujipinda, na linki husukumwa na kuvutwa mara nyingi kwa muda mfupi. Gari linalonyamaza kwenye tuta na kulalamika kwenye vishimo limekwisha kutuonyesha pa kuanzia.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona kila mara, na ambalo hata mimi nimelifanya. Fundi huweka jeki upande mmoja, gurudumu likaning'inia, akaitikisa linki kwa mkono, akaikuta imekaza, akaamua kwamba ni nzima. Haiwezi kucheza katika hali hiyo! Gurudumu moja liko juu na jingine liko chini, stabilaiza imejipinda, nayo inaibana linki ile kwa nguvu kiasi kwamba nafasi yote ya uchakavu imefichika. Gari likae juu ya shimo la kukagulia, magurudumu yote yakiwa chini, au linyanyuliwe pande zote mbili kwa kimo kimoja. Hapo ndipo tuitikise. Nilipofanya hivyo, linki ya kushoto ilicheza waziwazi, na raba ya bushi yake ya chini, pale inapoungana na kontrol arm (mkono wa chini unaoshikilia gurudumu), ilikuwa imepasuka. Bado sikununua kitu. Nilifungua linki zote mbili, nikaifunga stabilaiza kwa waya isigonge popote, tukarudi polepole kwenye vishimo vilevile bila kukata kona kwa kasi. Mlio ulikuwa umetoweka.

Niliweka linki mpya pande zote mbili. Bolti zake nilizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limekalia magurudumu yake, kwa sababu bushi ya raba ikikazwa huku gurudumu linaning'inia, itaishi ikiwa imejikunja na itapasuka mapema.

Kulikuwa na madhara mengine yaliyoachwa na kazi ile ya kwanza. Katika Impreza hii, bolti ya juu kati ya mbili zinazofunga shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu) ndiyo inayorekebisha mwinamo wa gurudumu, na aliyeifungua hakuweka alama. Tairi la kulia lilikuwa limeanza kuliwa upande wa ndani, hivyo nililipeleka gari kufanyiwa alaimenti.

Mlio ukisikika hata kwenye tuta lililonyooka, tuanze na mauntingi ya juu ya shokapu na nati yake. Gurudumu likicheza linaposhikwa juu na chini, tukague boli jointi na beringi. Wale wenye STI, toleo la Impreza lenye nguvu zaidi, ya kizazi hicho wakumbuke kwamba shokapu zake za mbele zimegeuzwa juu chini, na hugonga pale grisi inapokauka ndani ya bomba lake. Kuzifungua, kuzisafisha na kuzipaka grisi upya huweza kuziponya.

Linki ya kushoto ya gari lile nimekuja nayo, hii hapa. Ipokezaneni, pitisheni kidole kwenye ufa wa raba, kisha mlinganishe na hii mpya.