Fataki, Baruti na Daftari la Ghala

Mhadhara uliotolewa Tanga mjini

Ndugu mwenyekiti, masheikh wangu, mama zangu wa Deep Sea na Sahare, assalam alaikum. Nimeambiwa nizungumzie fataki haramu, zile zinazowarusha watu vitandani usiku wa mwaka mpya. Nitazizungumzia. Lakini naona huko nyuma mmeshaanza kuchekana: "Mzee leo tena katuletea mabomu ya samaki." Ndiyo, nimewaletea: baruti inayolipuliwa majini kuua samaki. Mlinialika mkinijua.

Wala sijatoka nje ya mada. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inazihesabu fataki za uwanja wa Tangamano na baruti ya baharini kuwa mali ya ukoo mmoja. Zote zinataka kibali. Sasa, fataki ikipigwa Ngamiani, simu ya polisi inalia. Bomu likipigwa baharini karibu na kisiwa cha Yambe, nani anapiga simu?

Twendeni mnadani. Nikiona changu wamelundikwa, wakubwa kwa wadogo, hawana tundu la ndoana mdomoni wala alama ya wavu, nachutama. Nambonyeza mmoja: nyama inaingia ndani, hairudi. Namshika mkia namwinua, analegea kama kitambaa kilichorowa. Namwambia kijana anayeuza, "Mpasue, mwanangu." Akimpasua, damu imetapakaa tumboni, kibofu cha hewa kimechanika, uti wa mgongo umeachana. "Umemvua na nini?" Ananitazama usoni: "Mshipi, babu." Mshipi gani huo, jamani, unaovunja mgongo ukaacha mdomo mzima?

Na mama mmoja mkaanga samaki, pembeni yake, hakunificha. "Babu, samaki wa bomu sisi tunamjua. Ukimtia kwenye mafuta anavurugika. Lakini bei yake chini, na mimi nina watoto." Simlaumu mama yule. Kilichonichoma ni kwamba hatua chache tu kutoka pale alisimama mtoza ushuru, na changu wale wakatozwa ushuru na risiti ikakatwa! Samaki wa haramu ana karatasi halali. Kesho mkimkamata muuzaji atawatolea risiti, nanyi mtasemaje?

Mtu ataniambia sheria ni laini, tuongeze miaka. Hapana. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu sheria ya mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaja na kifungo kisichopungua miaka mitano. Miaka mitano si mchezo. Tatizo ni kumfikisha mtu huko. Bomu likishalipuka, ushahidi umezama. Samaki wengi nao wanazama, anayeibuka ni sehemu tu. Doria ikitokeza, kilichobaki chomboni kinatupwa majini. Mbele ya hakimu unabaki na ngalawa, kijana aliyelowa, na samaki aliyeoza kabla kesi haijatajwa.

Ndiyo maana kila mwaka nasema, na nitasema mpaka mnizike: fuateni tambi mpaka inapoanzia. Detoneta, kile kiwashio kinacholipua baruti, haitengenezwi jikoni Tongoni. Inatoka kiwandani, inaingia nchini kwa kibali, inalazwa ghalani kwa kibali, inakwenda machimboni, kwenye kokoto, kwenye ujenzi wa barabara. Mahali fulani katika safari hiyo kuna mtu aliyeandika "zimetumika hamsini" na zimelipuka arobaini. Zile kumi ndizo zinazotujia. Basi sheria iseme hivi: kila detoneta na namba yake, kila mlipuko uandikwe na mashahidi wawili, na ikikutwa namba ya ghala fulani kwenye ngalawa, mwenye ghala ndiye atangulie kizimbani, kijana wa ngalawa afuate. Mtaona maghala yatakavyojifunza kuhesabu.

"Lakini babu, mbona siku hizi mabomu yamepungua?" Yamepungua, alhamdulillahi, na kazi ya vikosi vya pamoja naiheshimu. Lakini mimi nina kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la majini liliingia, bahari ikanyamaza, tukapongezana. Doria ikalegea, yakarudi. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani yote wakikokota vinasa sauti nyuma ya mashua, wakanasa milipuko zaidi ya 300. Na mingi ilikuwa jirani na Dar es Salaam, kwa hiyo wasitusingizie Tanga peke yetu. Doria inamfukuza mtu, lakini detoneta iko palepale inamngoja.

Na msiniambie habari ya umaskini. Anayerusha ni maskini, sawa. Aliyempa mafuta ya mashine, barafu na baruti ni maskini? Huyo hata maji ya bahari hayamgusi. Na maskini mwenzake wa madema, mwamba wake ukishakuwa kifusi, aende wapi? Matumbawe yaliyovunjwa yanataka miongo kurudi. Hapa tuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 2009, iliyotengwa kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye dunia nzima ilidhani ametoweka zamani. Tunamlinda kwa karatasi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. BMU, vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi ufukweni, wapewe mafuta ya boti, sio semina tu. Mahakimu waruhusu taarifa ya mtaalamu na picha za samaki aliyepasuliwa zitumike pale samaki mwenyewe asipoweza kutunzwa.

Fataki! Mnaona, nilikumbuka. Duka lisilo na kibali lisiziuze, na kijana anayezitembeza kwenye mfuko wa rambo aulizwe amezichukua wapi kabla hajapigwa makofi. Swali ni lilelile: ghala gani?

Wenye maghala tuliwaalika? Tuliwaalika. Wamekuja? Haya, maswali yao niulizeni mimi. Anza wewe baba wa kofia, na usinipe hotuba.