Mkono Usiondoke Kwenye Kibodi

Wenzangu waandishi wa programu, karibuni. Nitazungumzia VS Code, kihariri cha kuandikia msimbo, na vitufe nitakavyovitaja ni vya Windows. Kwenye Linux vingi ni vilevile, na kwenye Mac mara nyingi Cmd hushika nafasi ya Ctrl. Pale tofauti inapoleta usumbufu, nitaisema.

Tuanze na kujiuliza muda wetu unapotelea wapi. Haupotei katika kuchapa. Unapotea katika kutafuta: faili iko wapi, fanksheni hii (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) imeandikwa wapi, nani mwingine anaiita. Ndiyo maana nasisitiza kwamba njia za mkato za kibodi za kujifunza kwanza ni zile za kukufikisha mahali. Kukata na kubandika kunaweza kusubiri.

Bonyeza Ctrl+P. Kisanduku kinafunguka juu. Huna haja ya kuchapa jina zima la faili wala kukumbuka iko folda gani. Herufi chache zinatosha, mradi zifuate mpangilio wake. Faili ikiitwa mteja_malipo.py, chapa mtmal na itajitokeza. Ongeza nukta mbili na namba, mtmal:120, halafu Enter: umefika mstari wa 120. Ndani ya faili ndefu, Ctrl+Shift+O hukupa orodha ya fanksheni zake.

Kisha F12. Weka kishale cha kuandikia kwenye jina la fanksheni, bonyeza kitufe hicho, nawe unapelekwa pale ilipoandikwa. Shift+F12 huonyesha kila mahali inapotumika. Ila mwenzi wake wa lazima ni Alt na mshale wa kushoto, unaokurudisha ulikotoka. Kwenye Linux ni Ctrl+Alt na alama ya kutoa, kwenye Mac ni Ctrl na alama hiyohiyo. Watu wengi wanaijua F12 lakini hawajui kurudi, basi wanashika kipanya na kuanza kusaka upya faili waliyokuwa nayo dakika moja iliyopita.

F12 ikigoma, chunguza mambo mawili. Kompyuta mpakato nyingi zimeipa safu ya juu kazi ya sauti na mwanga, kwa hiyo unatakiwa kushika Fn pamoja nayo. Pili, kihariri lazima kiielewe lugha unayoandika. JavaScript na TypeScript kinazielewa tangu kinaposakinishwa. Python inahitaji kiendelezi chake, yaani programu ndogo ya kukiongezea kihariri uwezo, na bila hicho F12 haina pa kukupeleka.

Sasa tukae kidogo kwenye kubadilisha majina, maana hapa ndipo haraka huharibu kazi. Tuseme mna mstari huu:

bei_jumla = bei * idadi

Mnataka bei iwe bei_rejareja. Weka kishale ndani ya neno bei bila kulichagua, bonyeza Ctrl+D. Mara ya kwanza neno linachaguliwa. Kila mara inayofuata, bei nyingine inaongezwa na kupata kishale chake. Ukianza hivi, kihariri hutafuta neno kamili tu, na bei_jumla haiguswi. Lakini ukiburuta kwanza ukachagua herufi b-e-i kwa mkono, ndipo ubonyeze Ctrl+D, kwa kawaida kihariri huzihesabu kama kipande cha maandishi, nacho kitaingia hata katikati ya bei_jumla. Kitufe ni kilekile, matokeo mawili. Ukizidisha, Ctrl+U hurudisha hatua moja. Ukitaka kuruka neno moja, ni Ctrl+K kisha Ctrl+D.

Ukimaliza, bonyeza Esc. Asiyebonyeza anaendelea kuchapa mahali kumi kwa pamoja, na pengine tisa kati yake haziko kwenye skrini. Tazama ukanda wa chini: vishale vikiwa zaidi ya kimoja, idadi yake imeandikwa pale.

Hata hivyo, kwa kubadilisha jina la fanksheni, mimi nasema tumieni F2. Ctrl+D huona herufi tu, na ndani ya faili moja tu. F2 hutambua kwamba bei ya fanksheni hii siyo bei ya fanksheni ile, na hubadilisha kwenye faili zote za mradi. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida haigusi jina lililomo ndani ya alama za nukuu. Hayo yatafuteni kwa Ctrl+Shift+F.

Kuna njia za hatua mbili, kama Ctrl+K, Ctrl+S, inayofungua orodha ya njia zote za mkato. Ctrl waweza kuendelea kuishika, K uiachie kabla ya S. Ukiiachia Ctrl pia, ukabonyeza S peke yake, umeamuru faili zote zihifadhiwe. Ni amri nyingine kabisa.

Orodha hiyo ndiyo dawa ya kitufe kisichotii. Kwenye kisanduku chake cha kutafutia kuna alama ya kurekodi vitufe: ibofye, bonyeza mchanganyiko wako, uone amri zipi zinaugombea. Ikiwa amri ni moja tu na bado haifanyi kazi, yaelekea mfumo wa kompyuta umeuchukua kabla haujafika kwenye kihariri. Michanganyiko ya Ctrl+Alt huathirika sana, kwa sababu kwenye kibodi zenye AltGr (Alt ya kulia ya kuchapia herufi za ziada), Windows huichukulia AltGr kuwa Ctrl+Alt.

Angalieni pia kishale kiko wapi. Ndani ya terminali ya bash, dirisha la kuandikia amri za kompyuta, Ctrl+D haichagui neno; mstari ukiwa mtupu, inaifunga shell, yaani programu inayopokea amri hizo. Rudini kwenye msimbo kwa Ctrl+1 kwanza. Na aliyeweka kiendelezi cha kuiga vitufe vya Vim, kihariri kingine, Ctrl+D itamshusha nusu ukurasa.

Ukisahau yote, kumbuka Ctrl+Shift+P. Chapa jina la amri, na pembeni yake utaona njia yake ya mkato kama ipo.

Sasa fungueni mradi wenye faili zaidi ya kumi, kipanya kikae pembeni. Ctrl+P, faili yoyote. F12 juu ya jina la fanksheni iliyoandikwa kwenye faili nyingine. Mkishafika, rudini.