Mafuriko Yanayopanda Mlima

Hamjambo nyote. Walio nyuma, mnanisikia? Haya. Naona wengi mmetoka Ahero na Nyando, kwa hiyo mambo ya mafuriko nyinyi ndio walimu wangu. Yangu ya leo ni ya namna nyingine: yanaanzia ziwani yakipanda kuelekea milimani.

Februari mwaka 2000, chombo cha angani Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima ardhi kwa rada. Kilichotufikia ni mfano wa daftari la hesabu: kila mraba wa mita 30 kwa 30 una namba moja tu, mwinuko wake. Ziwa letu hapa, Victoria, linasoma karibu mita 1,134. Katika namba hizo tunataka kuchora mito.

Utadhani ni kazi rahisi. Tone la mvua lisimame kwenye mraba wake, litazame majirani wanane, literemkie aliye chini zaidi. Kule milima ya Nandi linateremka bila shida. Likifika tambarare ya Kano, hapa karibu na ziwa, linakwama. Rada ile haikupenya vizuri miti wala mafunjo, na penye tuta la barabara mto unaonekana umezibwa. Isitoshe, namba ni za mita nzima nzima. Kwenye tambarare kama ile unakuta miraba chungu nzima imeandikwa namba ileile. Tone lielekee wapi?

Tugeuze basi. Tuiache mvua, tuanze na ziwa.

Sogeeni. Sinia hii nimeikopa kwa mama anayeuza chakula hapo nje. Nimefinyanga kilima cha udongo, nikabonyeza shimo kwa kidole gumba. Namimina maji pembeni, polepole. Yanapanda... mnaona? Shimo bado kavu, ingawa sakafu yake iko chini kuliko maji yaliyolizunguka. Ngojeni. Hapo! Yamevuka kizingiti, yamemwagika ndani. Shikeni mahali yalipoingilia, kwa kuwa mvua ingelijaza shimo hili, maji yangetokea palepale.

Kompyuta hufanya hivyo kwa foleni, ila si foleni ya benki. Anayehudumiwa kwanza ni aliye chini kuliko wote, hata kama amefika sasa hivi. Miraba ya ziwani ndiyo inayoingia mwanzo. Mmoja akitolewa, majirani zake ambao hawajaguswa wanaingia foleni, na kila mmoja anaandikiwa ni nani aliyemleta. Tuseme katoka wa 1,139, na jirani yake ni 1,136. Huyo yumo shimoni, basi kwenye foleni anahesabiwa 1,139, kimo cha kizingiti. Foleni ikiisha, kila mraba unamjua aliyeuleta, na huyo ndiye utakayemmwagia maji. Njia ya mafuriko ikifuatwa kinyumenyume ndiyo njia ya mto. Watafiti Soille na Gratin waliandika algoriti, yaani mpangilio wa hatua za hesabu, ya aina hii mwaka 1994, na mimi bado inanifurahisha kila ninapoiendesha.

Kilichobaki ni kuhesabu: mraba huu unapokea maji ya miraba mingapi? Ikizidi 1,000, yaani kilomita za mraba 0.9, tunauita mto. Ukishusha kiwango hicho mno, hata mtaro wa mtaa wa Kondele utapewa jina. (Kicheko.)

Sasa niungame. Mimi ni mtu wa Nakuru. Mara ya kwanza nilipoendesha kazi hii kwetu, kompyuta ililiona Ziwa Nakuru kuwa shimo kama la kidole gumba. Ikalijaza hadi kizingiti, kisha ikachora mto unaotoka ziwani. Ziwa lile halina mto unaotoka! Njoro, Makalia na Nderit zinaingia tu, na maji yanaondoka kwa kukauka na jua. Kosa lilikuwa langu. Kompyuta haijui kutofautisha shimo la kweli na shimo la makosa ya rada. Nililitia ziwa kwenye foleni tangu mwanzo, kama Victoria, na mito ikarudi kwake. Kreta ya Menengai nayo ilidai vivyo hivyo.

Huku Kano shida yetu ni matuta. Tunayatoboa kwenye data, pale penye kalavati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kabla foleni haijaanza. Lakini kalavati haionekani kutoka angani. Ndiyo maana nimeleta ramani hii na kalamu nyekundu. Ipitisheni, kila mtu atie alama kalavati anayoijua, hata ile iliyozibwa na takataka. Hiyo iandikieni Z. Na sinia nirudishieni, mwenyewe anaisubiri.